Aliyelichora Lapwing Asimame

Marehemu mume wangu, Cyril Tranter, alitumia mkono wa kushoto, na kila gari alilolichora lilielekea kulia. Nyuma ya bili ya gesi, kwenye mfuko wa mkate, pembeni mwa gazeti la Jumapili, magari yote yalikimbilia kulia. Kwa hiyo niliposikia kwamba michoro ya mwanzo ya magari ya Harbury, kiwanda alichokifanyia kazi, imepatikana, na klabu ya wapenzi wa magari hayo inaomba wazee waje kuitambua, sikuwa na wasiwasi hata kidogo. Nilivaa koti langu zuri, nikapanda basi kwenda kumdaia mume wangu haki yake.

Haki yenyewe ni gari la Harbury liitwalo Lapwing. Vijana wa leo wanaliona kwenye maonyesho, jekundu, wazi juu, mgongo wake umeteremka taratibu mpaka nyuma, nao wanapanga foleni kulipiga picha. Cyril alikufa akisema ni yeye aliyelichora. Ivor Pugh, mchoraji mwenzake ambaye walikuwa naye chanda na pete, naye alisema ni yeye.

Mkuu wao wa kazi, Bwana Wragg, alikuwa ametundika mapazia ya turubai kati ya meza za wachoraji, mtu asione kazi ya mwenzake. Kutia sahihi kulikuwa marufuku. Kila Jumamosi alipita akikusanya karatasi, akimwambia kila mmoja, "Safi sana," na karatasi hazikurudi. Lapwing lilipotoka kiwandani, kwenye karamu ya Krismasi, Wragg aliinua glasi akasema, "Aliyelichora anajijua. Asimame tumpongeze."

Wakasimama wawili.

Wragg alicheka tu, akanywa. Cyril akamwita Ivor mwizi mbele ya bata mzinga na wageni wote, Ivor akamrudishia tusi ambalo siwezi kuliandika. Hawakusemezana tena mpaka tunamzika Cyril. Kiwanda kilikuwa kimeshamtangulia kufa. Pale sasa wanauza makochi.

Mimi ninachokumbuka zaidi ni Jumapili za kabla ya ugomvi. Tulijibana watu watatu ndani ya gari la wawili, tukipandisha vilima vya Cotswold, Ivor akiimba nyimbo za kanisani za kwao Wales kwa sauti ya kuamsha ng'ombe, chai ya chupa ikinimwagikia mapajani. Cyril alikuwa akimpigia kelele anyamaze, kisha anaimba naye. Sijawahi kucheka vile tena, na nilimchukia Ivor kwa hilo pia.

Ukumbi wa kanisa ambamo klabu ilituita ulinukia nta ya sakafu na sandwichi za tango. Michoro, ambayo ilikutwa darini kwa Wragg baada ya kifo chake, ilikuwa imepangwa kwenye meza mbili kando ya madirisha. Na kwenye meza ya kwanza, ameinamia fimbo, alikuwa Ivor. Jinsi alivyozeeka! Nilitaka kugeuka, nikaona aibu kumkimbia mtu asiyeweza hata kunikimbiza.

"Beryl," akasema.

"Umekuja kuiba tena?"

"Nimekuja kuchukua changu. Pole kwa Cyril. Mazikoni sikuja kwa sababu..."

"Kwa sababu una kichwa kigumu."

"Kama chake tu."

Philippa, katibu wa klabu, akaona moto unataka kuwaka. Akaja mbio na kalamu yake. "Mama Tranter, kuna mchoro wowote unaoutambua?"

Nilikuwa nimeshauona. Gari linaelekea kulia, na mgongo ni wa Lapwing, huwezi kuukosea. "Huu hapa. Wa Cyril Tranter. Andika."

Ivor akauvuta kwake. Nilingoja abishe. Aliusogeza karibu na macho.

"Huu sijawahi kuuona maishani mwangu," akasema.

"Acha maigizo, Ivor."

"Tazama pua, shemeji." Neno hilo sikuwa nimelisikia tangu Krismasi ile. "Limdomo lote hili kama chura! Pua ya Lapwing ni nyembamba. Pua ile ni yangu, ile pale."

Alielekeza fimbo kwenye meza ya pili. Gari la huko lilielekea kushoto. Pua ilikuwa ya Lapwing hasa, lakini nyuma lilikuwa limekatwa wima kama kabati.

Kisha akafanya walichokuwa wakifanya wote kiwandani walipotafuta kosa: aliubandika mchoro wa Cyril kwenye kioo cha dirisha, uso ukielekea nje, autazame kwa upande wa nyuma. Karatasi ilikuwa nyepesi, mwanga ukapenya. Sasa gari la Cyril nalo lilielekea kushoto. Nikauchukua mchoro wa Ivor nikauweka juu yake, magurudumu juu ya magurudumu. Pua ya huyu, mgongo wa yule. Lapwing zima likatokea pale dirishani.

Wragg alikata kwa huyu akaunga kwa yule, akamwacha kila mmoja aamini kwamba gari lote ni lake. Wote wawili walikuwa wanasema kweli. Nilikuja kushinda, na nimeshinda, lakini moyo uliniuma kuliko siku ya mazishi. Siku ile angalau nilikuwa na mtu wa kumchukia.

"Niandike nini?" Philippa akauliza kwa upole.

"Majina yote mawili," Ivor akasema. "La Cyril litangulie. Watu wanaupenda mgongo."

Nikamvutia kiti, akakaa. Akaniuliza bila kunitazama, "Shemeji, alikuwa akinitaja?"

Ningeweza kumdanganya.

"Kila siku ya Mungu," nikamwambia. "Kwa matusi."

Ivor akafunika uso kwa viganja, mabega yakitikisika.

"Na mimi hivyo hivyo," akasema. "Kila siku."