Nguo Aliyozaliwa Nayo Nabwire

Kitendawili. Nina nguo sikushonewa na fundi yeyote. Naoga nayo, nalala nayo, na nikirefuka nayo hurefuka.

Usijibu. Najua jibu umeshalishika, maana si kitendawili kigumu. Lakini mwenye kukijibu si wewe. Kilikaa nyumbani kwangu Shirere miaka mingi bila jibu, na huyo niliyemtegea alikuwa akinipa miji tu. Nakupa Mumias, kukhu. Nakupa Khwisero. Nakupa Mayoni na miwa yake yote. Nami namwambia miji nimechoka nayo, hiki nataka jibu.

Kukhu ni bibi, na huyo alikuwa mjukuu wangu wa kwanza, binti wa mwanangu Cornelius na mkewe Nanjala. Alizaliwa usiku, tukamwita Nabwire, wakati ambapo habari ya Uhuru ilikuwa bado maneno ya redioni. Cornelius alikuwa karani mjini, ofisi ya wilaya, na siku ya kwanza kuja kumwona mwanawe alibeba shali ya sufu aliyoinunua katika duka la Mhindi. Shali ilikuwa nyeupe kama uyoga. Majirani walikuja kumwona mtoto, wakaishia kuiona shali. Kila mmoja aliipapasa akasema kweli huyu ni mtoto wa karani.

Nabwire hakuwa ameanza kukaa wakati mashavu yake yalipogeuka mekundu na kukwaruza kama jani la msasa. Kisha viwiko kwa ndani, kisha nyuma ya magoti, kisha shingoni. Ngozi ilipasuka, ikatoa maji, ikakauka, ikapasuka tena. Alijikuna mpaka shuka likawa na madoa ya damu. Nanjala alimbeba huku na huku hata akawa anasinzia akiwa amesimama, mwiko mkononi, obusuma, ugali wetu, inaungua chunguni.

Dawa tulizoletewa hazina hesabu. Aliyesema ni upele alituletea dawa ya kiberiti, ikamchoma mtoto akalia kutwa. Aliyesema ni uchafu akatuletea sabuni ya mche, tukamsugua nayo asubuhi na jioni, na kadiri tulivyomsugua ndivyo ngozi ilivyozidi kukatika. Wengine hawakuleta dawa, walileta maneno. Siku moja sokoni mwanamke muuza ndizi alimvuta bintiye pembeni akatuuliza kama kitu hicho kinaambukizanga. Nikamjibu, "Kingekuwa kinaambukiza, mimi ningekuwa nacho mpaka kwa meno." Watu walicheka. Nanjala hakucheka. Alimfunika mtoto uso kwa ile shali, tukarudi nyumbani bila kununua tulichoendea.

Hapo ndipo Mzee Masinde, ndugu ya marehemu mume wangu, aliposema kilichokuwa vinywani mwa wengi. Alisema Nabwire si jina la mtu, ni jina la saa. Mtoto ametajiwa usiku, hajatajiwa mwenye kumlinda. Kuna aliyekufa kwetu anayetaka jina lake, naye ndiye anayemkwaruza mtoto ili sisi tusikie.

Desturi hiyo naijua tangu nikiwa msichana. Mtoto akilia bila sababu, wazee humwitia majina ya waliotangulia, moja moja, na jina litakalomnyamazisha ndilo lake. Basi tukaifanya, mchana mmoja baada ya mvua. Masinde alisema mtoto asikutane na wazee wake akiwa amefungwafungwa, kwa hiyo Nanjala akamvua shali na kila kitu. Nikamwosha kwa maji ya mvua yaliyovuguvugu, bila sabuni, maana sabuni ni ya dukani na wazee hawaijui. Nikampaka siagi angali na unyevu. Nikamlaza juu ya jani la mgomba lililokatwa muda huo huo, bado baridi.

Masinde akaanza. Je, ni wewe Wanyonyi? Mtoto analia. Ni wewe Mukhwana? Analia. Akapita ukoo wote wa wanaume, akahamia kwa wanawake, na alipofika kwa shangazi yetu Musimbi, aliyekuwa mwanamke wa kupenda kuitwa kwanza mahali popote, mtoto akavuta pumzi ndefu, akanyamaza. Akalala palepale juu ya jani.

Tulishikana mikono. Nanjala alilia kwa furaha, akamfunga binti yake vizuri ndani ya shali, na tangu hapo akaitwa Nabwire Musimbi.

Kuku hawajaingia ndani jioni ile, mtoto alikuwa anajikuna tena.

Masinde akasema Musimbi amekubali jina lakini anataka kuku. Tukachinja, tukarudia kila kitu kama mwanzo, mtoto akatulia, akafungwa shali, akajikuna. Musimbi akataka kuku mwingine. Nakwambia, shangazi huyo alikula kuku wetu mpaka jogoo akawa akiniona anapita nyuma ya nyumba. Wala hatukuwa wajinga. Tulikuwa tumeona kwa macho yetu kwamba akiitwa, mtoto hupumzika. Ungekuwa wewe, ungeacha?

Nanjala ndiye aliyechoka kwanza. Alinijia nikichambua mboga akaniambia anampeleka mtoto kwa nesi. Hakuwa anaomba ruhusa. Nikajifunga leso nikamfuata.

Nesi alikuwa mama wa Kiislamu kutoka Mumias, jina lake Swaumu, mwanamke mrefu wa sauti ya chini. Alitusalimu vizuri, akanipisha kiti, akamwangalia mtoto nyuma ya magoti na ndani ya viwiko, kisha akasema hiki ni ukurutu. Si uchafu, si laana, na hauambukizi. Ngozi ya mtoto huyu imezaliwa kavu, haishiki maji yake, na kila kinachoikera huiamsha. Akauliza kama huwa anapata nafuu wakati wowote.

Nanjala alinitazama mimi kwanza, kwa aibu. Kisha akamwambia hupata nafuu akiitwa Musimbi.

Nilingoja nesi acheke. Hakucheka. Alivuta kiti karibu akasema, "Nieleze mwanangu. Mnaanza na nini?"

"Tunamvua shali," akasema Nanjala. "Mama anamwosha na maji ya mvua, sabuni hatutii. Anampaka siagi hata hajakauka. Halafu tunamweka juu ya jani la baridi, halafu mzee anaanza ku..."

Macho yake yalishuka mpaka kwenye shingo ya mtoto, pale sufu ilipokuwa inagusa ngozi, na pale palikuwa pekundu kuliko pote. Akaanza kuifungua shali polepole, kama mtu anayefungua mlango asijue ndani kuna nani. Nesi alimwacha afike mwenyewe.

Tulivyotoka pale nilikuwa nimejifunga ile shali mabegani, na joto la Februari linavyochoma.

Aliyotufundisha nesi hayakuwa magumu, ila yalitaka uvumilivu. Tumwogeshe upesi kwa maji ya uvuguvugu, si ya moto. Sabuni ile ya mche tuiweke kwa ajili ya sufuria. Tumkaushe kwa kumgusagusa na kitambaa, si kumsugua, na tumpake mafuta mazito yasiyo na harufu wakati ngozi bado ina unyevu, asubuhi na jioni, hata siku ambazo haonekani kuumwa. Hapo ndipo wengi huharibu, alisema. Ngozi ikipoa wanasahau, ikichacha wanakimbia. Kucha ziwe fupi. Nguo ziwe za pamba. Kulikuwa na dawa nyingine ya kupaka, hiyo ya siku ukurutu unapochachamaa tu, kidogo, na siku alizoagiza yeye. Na tuchunguze kinachouamsha, maana kila mtoto ana chake.

Nanjala alisikiliza yote. Halafu akauliza lile lililomleta.

"Atakua aachane nao? Ama ndio wa maisha?"

"Wako wanaoachana nao wakikua, tena ni wengi," alisema Swaumu. "Wako wanaobaki nao. Huyu wako ni wa upande gani, nikikujibu leo nitakuwa nakudanganya. Niulize siku mkono wake utakapopita juu ya kichwa ukashika sikio."

Wewe huenda hujui mambo hayo. Siku hizo watoto wengi hawakuwa na karatasi za kuzaliwa, na mwalimu alijua mtoto amefikia umri wa shule kwa kumwambia apitishe mkono juu ya kichwa ashike sikio la upande wa pili. Ukilishika, darasa la kwanza. Usipolishika, rudi ukale obusuma mwaka mwingine.

Basi tukawa watu wa kungoja mkono urefuke.

Cornelius aliporudi mwisho wa mwezi alinikuta barazani nimevaa shali yake. Aliuliza kwa nini. Nikamwambia shangazi Musimbi hakutaka kuku wakati wote huo, alitaka mtoto avuliwe sufu, nasi tulichelewa kumsikia. Masinde, aliyekuwa pale, akasema ndivyo hasa alivyokuwa akishuku. Hakuna aliyembishia. Jina tuliliacha, tulichoondoa ni shali. Mwanangu alicheka mpaka akakaa chini, na safari iliyofuata alileta kitambaa cha pamba, Nanjala akakishona mashati mepesi, na vifuko vidogo vya kuvika mikono ya mtoto wakati wa kulala.

Usidhani ukurutu uliondoka siku hiyo. Ulipungua, mtoto akanenepa, Nanjala akaanza tena kuimba akitwanga. Lakini kila Januari, mvua ikikatika na vumbi la barabara likianza kuruka, ulirudi. Mwaka wa bendera mpya watu wote wa Shirere walikwenda mjini kusherehekea, na Nabwire alikwenda pia, mgongoni kwa mamake, na shati lake la pamba na mikono yake imepakwa mafuta inang'aa. Alirudi na bendera ya karatasi mkononi. Wiki chache baadaye viwiko vilikuwa vimepasuka upya, na Nanjala akaniuliza kama si kazi bure.

Nilimwambia atazame shuka. Mwaka uliopita lilikuwa na damu, mwaka huu halina. Alilitazama, akalikunja, akaenda kuleta mkebe wa mafuta.

Mimi kazi yangu ilikuwa vitendawili. Mtoto akianza kujikuna, ukimpiga mkono anajikuna zaidi. Kwa hiyo nilimwekea sheria: anayetegewa kitendawili lazima ashikane mikono na mtegaji mpaka ajibu. Nilimtegea asubuhi wakati wa kupakwa mafuta, nilimtegea mchana wa joto. Nyumba yangu haina mlango, akasema yai. Kila niendapo ananifuata, akasema kivuli. Alikuwa mwepesi. Lakini nikifika kwa nguo isiyoshonwa alininyamazia, akatazama mikono yake ndani ya yangu, akanipa mji. Nilielewa kwamba analo jibu na halitaki. Sikumlazimisha. Nilipokea mji wangu nikaenda.

Na mkono nao alikuwa akiupima. Nilimkuta nyuma ya nyumba, kichwa ameinamisha mpaka begani, analivuta sikio lije lenyewe. Nanjala naye nilimkuta akimpima, akamwachia haraka aliponiona, kama wezi wawili.

Januari ya kuandikisha ilifika, jua kali, vumbi tele, mwezi ule ule tuliokuwa tukiuogopa. Tulikwenda shuleni sote watatu. Mwalimu Joash, kijana mwenye kalamu sikioni, alimwambia Nabwire asimame wima asiinamishe kichwa. Mkono wa kulia ukapanda, ukapita juu ya nywele, ukashuka upande wa kushoto, ukalishika sikio lote, si ncha. Mwalimu aliandika jina akaita mwingine. Lakini mimi na Nanjala tulikuwa hatutazami sikio. Mkono ulipoinuliwa hivyo, shati lilivutika, tukaona ndani ya kiwiko, Januari, na hapakuwa na kitu. Nanjala alinifinya kidole mpaka kikauma.

Hatukurudi nyumbani. Tulikwenda moja kwa moja kwa nesi.

Swaumu alikuwa na mvi kidogo sasa, na watoto wengi zaidi mlangoni. Alimkumbuka mtoto kabla ya kutukumbuka sisi. Nanjala hakukaa. Alimwambia mkono umefika sikioni, na sasa amekuja kuchukua jibu lake.

Nesi alimgeuza Nabwire kwenye mwanga wa dirisha, akapitisha kidole viwikoni, shingoni, nyuma ya magoti, ambako kulikuwa na baka moja kavu, dogo kama punje ya mtama. Akasema huyu anaachana nao. Ngozi yake itabaki kavu, mafuta asiyaache, sufu na sabuni kali azikwepe hata akiwa mama wa watu, na siku ukimrudia asiogope, anajua la kufanya. Lakini ule uliokuwa ukimnyima usingizi anauacha nyuma. Nanjala alikaa chini hapo, kwenye benchi, kama mtu aliyetua kuni.

Halafu nesi akasema jibu lake ni la nesi tu, mwenye ngozi bado hajaulizwa.

Basi nikainama. Nikashika mikono yote miwili ya mjukuu wangu, mikavu kidogo, yenye kucha fupi, isiyo na jeraha. Nikamwambia kitendawili. Akasema tega. Nina nguo sikushonewa na fundi yeyote. Naoga nayo, nalala nayo, na nikirefuka nayo hurefuka. Nikangoja anipe Mumias.

Alitazama mikono yetu, akanitazama mimi.

"Ni ngozi yangu, kukhu," akasema. "Na sasa inanitosha."