Dirisha Jeusi la Mama Eusebia

1.
Ijumaa, 14 Machi. Njombe imeamka na ukungu mzito. Hata mnara wa kanisa haukuonekana hadi saa nne.

2.
TANGAZO
Darasa la jioni la kutengeneza tovuti, ukumbi wa parokia. Leo kila mwanafunzi ataonyesha ukurasa wake. Utakaofunguka utapandishwa mtandaoni. Usiofunguka utasubiri muhula ujao.
Mwl. Gervas Mligo

3.
Mama Eusebia, mshona nguo, hana muhula wa kusubiri. Ukurasa wake una kisanduku kimoja: *Andika nia yako ya sala.* Ni wa shoga yake Veneranda, ambaye miguu imemgomea, jumuiya ya sala hakanyagi tena. Na daktari amesema

4.
Msomaji, usiulize daktari amesema nini.

5.
Mwalimu, wiki ya kwanza:
"Seva, ile programu inayofungua ukurasa, ni mtu aliyeketi nyuma ya mlango. Ukibisha, anajibu. Ukiandika amri kwenye dirisha jeusi la kompyuta, ndipo anaamka."

6.
Mama Eusebia akijaribujaribu tu, ukurasa hufunguka. Likiwa jambo zito, la kutaka sala:

TOVUTI HII HAIWEZI KUFIKIWA

7.
"Mama, seva yako inasinzia kama mlinzi wa ghala," anasema Lukelo, dawati la nyuma.
"Afadhali yangu inasinzia, mwanangu. Yako haijazaliwa."

8.
Zamu yake. Anaandika amri. Seva inaamka; mistari inakimbia kwenye dirisha jeusi. Sasa anafanya alivyolelewa: kabla ya ishara ya msalaba, redio huzimwa, chungu hufunikwa, kelele hukoma. Analifunga dirisha jeusi.

Anasali.

Anabofya.

HAIWEZI KUFIKIWA

9.
"Mama," mwalimu anasema taratibu, "mbona umemfukuza?"
"Nani?"
"Aliyeketi nyuma ya mlango. Ukifunga dirisha lile, naye anaondoka."



"Mwalimu, mimi nilikuwa nampa Mungu utulivu."
Hata Lukelo hacheki.
"Rudia, Mama. Tunakungoja."

10.
Mimi, seva. Nimeamshwa. Nasikiliza.

11.
Safari hii dirisha jeusi limeachwa wazi. Ukurasa umefunguka. Mwalimu ameupandisha. Anwani imetumwa kwenye simu ya Veneranda.

Kisanduku ni
kitupu. Kinamngoja Veneranda.

12.
Mama Eusebia anasimama, mkono kifuani, darasa zima likimtazama.
"Mbele yenu nyote naahidi. Kuanzia leo nitasali dirisha likiwa wazi, hata kama ukurasa haulihitaji tena. Veneranda akibisha, saa yoyote, atanikuta."