Moja Katika Kumi

Kazi yangu ni kuhesabu wajukuu. Jina hilo walinipa wanawake wa sokoni kwetu huku Istmo, kusini mwa Meksiko, baada ya tetemeko kubwa kuangusha nusu ya mji. Lile kubwa wakaliita bibi, na haya madogo yanayolifuata wakayaita wajukuu. Utani wao ulinipendeza kuliko yote niliyosomea mji mkuu, maana ni kweli tupu: tetemeko huzaa, watoto wake nao huzaa, na kadiri muda unavyokwenda uzazi unapungua. Saa ya kwanza wanakuja kwa fujo, kesho wachache, wiki ijayo mmoja mmoja. Nililieleza hilo redioni, kwa Kizapoteki chetu na kwa Kihispania. Nikaeleza pia kwamba mara chache mjukuu huja na nguvu za bibi yake. Hilo la pili halikumwingia mtu. Nani anamwogopa mjukuu?

Mama yangu, Eustolia, muuza kamba wakavu, alikuwa analala kwenye machela iliyofungwa mitini uani, kama mji mzima. Sikukuu ya mtakatifu wetu ilikuwa inakaribia, na gauni lake la mahameli, lenye maua aliyoyadarizi mwenyewe, lilikuwa ndani ya nyumba yenye nyufa. Kwetu mwanamke anaweza kukosa paa, lakini hakosi gauni siku ya mtakatifu. Akamgeukia mdogo wangu Heliodoro, Lolo wetu, mpiga tarumbeta.

"Ingia unitolee. Si dada yako kasema yanapungua?"

Lolo akaingia huku akicheka. Mjukuu mwenye nguvu akamkuta chumbani.

Nilikuwa shuleni na mitambo yangu ya kupimia matetemeko. Nilikimbia hadi nyumbani, mtambo mmoja mdogo kwapani, na kukuta paa limelala chini, na ukuta mmoja tu umebaki, umeinama juu ya kifusi. Mafuko walikuwa wameshafika. Hao ni wachimbaji wa kujitolea, na wanaitwa hivyo kwa sababu wanaingia chini ya vifusi kwa matumbo, kama fuko ardhini. Mkuu wao, Baldomero, dereva wa lori kutoka Puebla, aliinua ngumi juu, na mtaa mzima ukanyamaza. Kwetu ngumi ikiinuliwa hata anayelia anaziba mdomo. Tukasikia chuma kikigonga bomba. Ko, ko, ko.

"Yuko hai," Baldomero akasema, kisha akainamia ufa. "Mwanamuziki! Usijichoshe, onyesho ni jioni!"

Kicheko chembamba kilisikika chini. Mama akapiga magoti kwenye vumbi.

Baldomero akanivuta kando. Mwaka jana ukuta uliwaangukia vijana wake wawili, na tangu hapo haingizi mtu kabla ya kuuliza.

"Daktari, ukuta ule hautaki tetemeko kubwa. La kadiri linauangusha. Kuchimba kutachukua saa mbili. Nikiingiza watu sasa, kuna hatari kiasi gani?"

Tatizo ni kwamba mjukuu mkubwa akija, hesabu huanza upya. Tulikuwa tumerudi saa ya kwanza, saa mbaya kuliko zote. Nikapiga hesabu, nikairudia, nikiomba nimekosea.

"Moja katika kumi," nikasema. "Mkisubiri jua lizame, moja katika arobaini."

"Basi tunasubiri."

"Kumi?" Mama alikuwa nyuma yetu. "Yaani mara tisa hakuna kitu! Mnaogopa nini, wanaume wazima?"

"Mama Eustolia, wanaoingia ni watu sita. Nao wana mama zao."

"Na wangu ni panya?"

Akanishika mkono, akanipeleka nyuma ya mkokoteni wa maji. Kucha zake ziliniingia nyamani.

"Sema ndogo, mwanangu. Sema moja katika mia. Mwambie ulikosea."

"Sikukosea, mama."

"Nani atajua?"

Hilo ndilo lililonichoma. Hakuna ambaye angejua. Nikisema mia na ardhi ikatulia, ningeonekana nimesema kweli. Nikisema kumi na ikatulia, ningeonekana mwongo. Namba kama hii haithibitishwi na alasiri moja. Inahitaji alasiri elfu, na Lolo alikuwa na moja tu. Niliwatazama wale Mafuko sita wameketi ukingoni mwa njia wakila totopo, ile mikate mikavu ya mahindi, magoti yao yamechubuka, mmoja akimfundisha mwenzake kufunga kamba. Walikuwa wametoka mbali kwa ajili ya watu wasiowajua. Nikamwambia mama siwezi.

"Ulinyonya kwangu," akasema, "na huyo aliye chini alinyonya kwangu." Akaniacha akaenda kukaa karibu na ufa.

Tukasubiri. Baldomero aliwaambia waegemeze magogo kwenye ukuta kwa mbali, kadiri walivyothubutu. Kila baada ya muda aliinua ngumi. Mwanzoni Lolo aligonga mwendo wa ule wimbo wa harusi anaoufungulia karamu, na majirani wakalia na kucheka pamoja. Mama alimsimulia kupitia ufa habari za sokoni, nani kagombana na nani, nani kauza samaki waliooza. "Unanisikia, mvivu? Usilale!" Ko, ko.

Ardhi haikutikisika. Nilikuwa nimeukodolea mtambo macho, nikitamani itikisike. Nasema wazi: nilitamani mjukuu mmoja tu wa maana aje auangushe ukuta ule mtupu, mama aone kwamba sikukosea. Kisha nikajichukia, maana aliyekuwa chini yake ni Lolo.

Ngumi ikainuliwa tena. Safari hii tulisubiri sana. Ko. Kisha kimya.

Nikashindwa. Nilimkimbilia Baldomero nikajikwaa mbele yake.

"Nimepiga hesabu upya. Imeshuka. Ni moja katika mia. Waingie."

Alinitazama kwa upole ambao sijawahi kuusamehe.

"Umepiga hesabu saa ngapi, binti? Nimekuona. Umekaa hapo umeshika kichwa."

"Nakwambia imeshuka!"

"Imeshuka hadi ngapi? Ya kweli."

Machozi yalikuwa yananiingia mdomoni. Ningeweza kukazana na uongo wangu. Lakini aliniuliza kama mtu anayeuliza njia, na mdomo wangu ukajibu wenyewe.

"Moja katika ishirini."

"Bado," akasema. Akageuka haraka, nadhani ili nisimwone uso.

Jua lilipokuwa linazama waliingia. Walichimba kwa mikono na ndoo na hawakupumzika hata kidogo. Ukuta haukudondosha hata kokoto. Walimtoa Lolo akiwa bado na joto. Daktari wao alimpulizia pumzi na kumkandamiza kifua hadi jasho likamtiririka, kisha akasimama. Mikononi mwa mdogo wangu mlikuwa na mfuko wa nailoni, na ndani ya mfuko gauni la mahameli, safi, limekunjwa vizuri.

Mama alilipokea gauni, akalitandaza juu ya Lolo kama shuka. Aliniita karibu.

"Ilitikisika?"

"Hapana, mama."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Nilitaka kumwambia kwamba moja katika kumi haimaanishi itatokea. Nilitaka kumwambia kwamba wale sita wamerudi wazima. Maneno yote yalikuwa sahihi na hakuna hata moja lililofaa kutamkwa mbele ya maiti ile, kwa hiyo nilikaa chini nikashika mguu wa Lolo.

Baldomero akaja polepole, kofia mkononi. Alisimama mbali kidogo, akasubiri nimwangalie.

"Nisamehe, daktari. Mtaa wa nyuma kuna mwanamke anagonga. Nyumba ni kama hii. Nawaambia nini vijana?"

Sikuhitaji kupiga hesabu. Ilikuwa imeshuka kama nilivyosema itashuka, kwa saa zilezile zilizomuua mdogo wangu.

"Moja katika arobaini. Ingieni."

Wakaondoka mbio na ndoo zao. Mama alikuwa amekaa akilainisha mahameli kifuani kwa Lolo kwa kiganja chake. Hakuinua kichwa.

"Ahaa," akasema. "Huyo mtoto wa watu, umempa namba ndogo."