Kesi ya Mawe Katika Nchi ya Afadhali

Nchi ya Afadhali ilisifika kwa mambo mawili: fahari ya majumba ya wakuu wake na ubovu wa kila kitu kingine. Ilitawaliwa kwa zamu na nyumba mbili tukufu, Nyumba ya Ahadi ya Bwana Kesho na Nyumba ya Lawama ya Bwana Jana. Kila mwaka wa nne raia walikusanyika katika Uwanja wa Hiari, mbele ya milango ya nyumba hizo, kila mmoja na jiwe lake mkononi, wakalivurumisha kwenye mlango wa nyumba waliyoichukia zaidi. Mlango uliopata mawe machache, wenyewe ndio waliotawala. Kwa hiyo haikuwa lazima nyumba yoyote ipendwe. Ilitosha jirani yake achukize zaidi kidogo, na jamani, kwa kuchafuana majina wale mabwana walikuwa mafundi! Mawe yaliachwa palepale yalipoanguka, maana sheria iliyaita Sauti ya Umma, na kuyagusa ilikuwa jinai.

Nyuma ya mji mkuu, upande ambao macho ya wakuu hayakuwa na desturi ya kugeukia, kulikuwa na kijiji cha Baadaye, na humo aliishi mkulima mjane aitwaye Bi Hima. Ilikuwa miaka kumi na sita tangu ukuta wa bwawa la kijiji ubomoke, na maji yote yakawa yanapotelea porini. Bwana Kesho aliahidi kuujenga, hakuujenga. Bi Hima akampiga jiwe. Akaja Bwana Jana, akatumia miaka minne kueleza kwa ufasaha nani aliyeubomoa; akapigwa yeye. Mara ya tatu Bi Hima alifumba macho akatupa tu, akarudi nyumbani bila hata kuuliza nani ameshinda.

Mwaka huu miche yake ya mpunga ilikuwa kitaluni, imeanza kugeuka rangi. Kama ingepita wiki moja bila maji ingekufa, naye hakuwa na mbegu nyingine. Alifika uwanjani na jiwe lake, akasimama, akashindwa kuinua mkono.

"Tupa twende zetu, Bi Hima," alisema jirani yake, Bwana Mazoea, aliyekuwa ameshatupa lake bila hata kulenga. "Jua hili litatuua."

"Nimtupie yupi, Bwana Mazoea?"

"Aliye mbaya."

"Na atakayebaki?"

"Atakayebaki ni afadhali yake. Mambo gani haya unayouliza leo?"

Bi Hima alikuwa anayatazama yale malundo yaliyopanda hadi vizingiti vya milango: mawe magumu, mazuri, ya vizazi na vizazi. Akaweka lake chini, akachukua tenga lake la sokoni, akaanza kulijaza.

"Lahaula! Hayo ni maoni ya watu!"

"Ndiyo. Hebu nitwike."

Mazoea akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akamtwika. Kisha, kwa sababu ambayo yeye mwenyewe hakuijua, akabeba mawili mkononi akamfuata. Kijiji kilipoona, kikamiminika. Siku ya nne ukuta ulikuwa umesimama, na maji yakaingia mfereji wa kwanza yakinguruma. Bi Hima alilia pale pale, bila haya.

Siku ya tano alishtakiwa.

Mabwana Kesho na Jana, ambao kwa miaka thelathini hawakuafikiana hata juu ya salamu, walikaa benchi moja wakinong'onezana kama maharusi. Kadhi Taratibu, mtu aliyeheshimu utaratibu kuliko haki, aliuliza, "Bi Hima, ulichukua mawe ya mlango upi?"

"Ya milango yote miwili, mheshimiwa Kadhi. Sasa yamo ukutani, hayajulikani."

"Wewe ni wa nyumba ipi?"

"Mimi nina njaa, mheshimiwa."

"Hilo si jibu la kisheria."

"Ndilo nililokuja nalo kila mwaka wa nne, mkaniambia nitafute jiwe."

Kadhi aliamuru ukuta ubomolewe na Sauti ya Umma irudishwe mahali pake. Msafara ukaenda Baadaye: Kadhi na karani wake, mabwana wawili, askari na sululu zao, na Bi Hima mwenyewe. Huko waliwakuta wanakijiji wamesimama juu ya ukuta, Mazoea mbele.

"Wafuasi wa Ahadi, kulia! Wa Lawama, kushoto!" alitangaza Kadhi. "Kila mmoja ang'oe jiwe lake."

Hakuna aliyesogea. Kadhi, ambaye vitabu vyake havikuwa na kifungu cha watu wasiosogea, alijifuta jasho, akauliza swali ambalo halikuwahi kuulizwa katika nchi ya Afadhali: "Sasa ninyi mnataka nini?"

Watu walitazamana. Hawakuwa wamezoea. Karani akainua kalamu, akangoja.

"Tunataka kulima," alisema Mazoea kwa sauti ndogo.

Bi Hima hakungoja yaandikwe. Miche ilikuwa haina subira ya mahakama. Aliteremka shambani, akakunja nguo, akaanza kupandikiza kwenye tope. Askari aliyepewa amri ya kung'oa jiwe la kwanza alimtazama kwa muda, akaweka sululu chini, akavua viatu, akashuka kumsaidia. Wengine wakafuata, hata karani. Bwana Kesho na Bwana Jana wakabaki huko juu, kando ya ukuta, kila mmoja akimngoja mwenzake achukiwe kwanza, wala hapakuwa na mtu aliyeinua uso kuwatazama.