Vitu Vilivyokatazwa Uso wa Somoe

1.

Mayai. Aliyekataza: muuguzi.

Dagaa. Aliyekataza: jirani wa kushoto.

Embe, bichi na bivu, kwa sababu ya utomvu. Aliyekataza: jirani wa kulia. Huyu alikaribia, ila hakujua alichokikaribia.

Sabuni ya mche. Sabuni ya unga. Sabuni.

Moshi wa kuni. Waliokataza: watu wote. Lakini kazi ya Somoe ni jikoni, kwa hiyo moshi uliendelea.

Kioo. Aliyekataza: Somoe mwenyewe.

2.

Muwasho unaanza kama mzaha. Kama mtu amepitisha unyasi kwenye shavu, akaenda, akarudi, akapitisha tena. Halafu ngozi inavimba. Inatoa maji. Inakauka, inapasuka, inapukutika kwenye mto, na asubuhi unajikung'uta mwenyewe kutoka kwenye foronya yako.

Mashavu mawili na kidevu. Paji la uso limesalimika, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini.

Kuwasha.

Ukicheka, unapasuka. Ukilia, chumvi inaingia kwenye mipasuko. Somoe, msichana wa miaka kumi na tisa, aliacha vyote viwili.

3.

Mama Chiku ni mama ntilie mwenye banda lake karibu na stendi. Alisema kwa upole, na upole ndio uliouma.

"Mwanangu, kuanzia leo ukae huku nyuma. Uoshe vyombo, umenye vitunguu. Chai atapeleka mwingine."

"Nimekosa nini, mama?"

"Hujakosa. Wateja ndio..."

Alikoroga maharage ambayo hayakuhitaji kukorogwa.

"Minada ya korosho ikianza, mji utajaa watu. Nitataka mtu wa kukaa mbele. Ukiwa umepona, nafasi yako ipo. Usipopona nitatafuta mwingine, na wawili siwawezi. Nakwambia mapema, usije ukasema nilikufukuza."

4.

Bombani. Waliosema hawakujua kwamba Somoe yuko nyuma ya ukuta. Au walijua.

— Mkorogo huo. Alitaka weupe wa haraka.

— Wapi. Wa mkorogo utamjua kwa vifundo vya vidole, vinabaki vyeusi. Yule mikono yake safi.

— Basi ni ule ugonjwa.

— Ugonjwa gani?

— Wewe nawe. Ule.

— Chapati zake zilikuwa tamu lakini.

— Zilikuwa.

5.

Zahanati. Tabibu aliandika bila kuinua kichwa.

"Pumu ya ngozi. Kuna kitu kinaichokoza. Ukijue, ukiepuke, utatulia."

"Kitu gani, daktari?"

"Mimi siishi na uso wako, binti. Chunguza. Anayefuata."

Kuchunguza. Somoe aliacha shule darasa la tano, mwaka aliofariki baba yake, na hakuna aliyewahi kumfundisha kuchunguza. Alichojua ni kuacha tu. Akaacha mayai. Akaacha dagaa. Akaacha embe katikati ya msimu wa embe, watoto wakipita mbele yake na midomo ya njano. Alikonda mpaka gauni likaanza kumzunguka. Uso haukumshukuru.

6.

TANGAZO KWA WABANGUAJI WOTE

Mnakumbushwa kwamba mafuta ya ganda la korosho huunguza ngozi. Kila mbanguaji apake mafuta ya nazi mikononi kabla ya kukaa mezani. Ni marufuku kujigusa usoni wakati wa kazi. Glovu ni za wafanyakazi wa chumba cha mashine tu. Atakayeungua kwa uzembe wake asilete malalamiko ofisini.

Kwa amri,
Uongozi wa Kiwanda

7.

Jioni anarudi Bi Esha, mama yake Somoe, kutoka kiwandani kubangua. Ananawa kwa majivu na mchanga, lakini weusi wa ganda haubanduki. Umeingia kwenye vidole kama wino. Mikono yenyewe imeshakomaa, haisikii tena. Anaketi mkekani, anapangusa jasho la uso kwa bega, anapiga mkeka kwa kiganja.

"Njoo, mama."

Anachota mafuta ya nazi kwenye kopo, lilelile analokwenda nalo kazini. Shavu la kulia. Shavu la kushoto. Kidevu. Polepole.

"Leo msimamizi kamuuliza Bi Mwanaisha mbona ametafuna korosho. Bi Mwanaisha akasema, nimeionja, bwana, nisije nikawauzia wazungu kitu kibovu."

Somoe anacheka kwa pua, ili asipasuke.

"Una mashavu ya marehemu baba yako. Mtu asikudanganye."

Mchana kutwa hakuna anayemgusa Somoe. Mama Chiku humsukumia sahani kwa kidole kimoja. Wanaotaka kumpa mkono hukumbuka ghafla kwamba wamebeba kitu. Saa ya kupakwa mafuta ndiyo saa yake yeye kuwa mtu.

Kumbuka hilo. Utakapomwona mjinga, kumbuka hilo.

8.

Wewe unayesoma huenda umeshajua. Ni rahisi kujua ukiwa umekaa na karatasi, uso wako mzima. Somoe hana karatasi. Ana mama mmoja. Na kinachomchokoza hakimchokozi siku ileile. Kinasubiri siku, mbili, mpaka amekula kitu kingine cha kulaumiwa.

9.

Mjomba alifariki Newala. Bi Esha alifunga kanga zake, akaenda, akakaa matangani mpaka hitima. Somoe alibaki na nyumba.

Shavu la kulia likakauka. Likawa jeupejeupe. Likawa shavu.

La kushoto likafuata.

Muuguzi: "Si nilikwambia mayai?"

Jirani wa kushoto: "Dagaa wale."

Jirani wa kulia: "Utomvu. Mimi nilisema utomvu."

Mama Chiku alimshika kidevu, akamgeuza kwenye mwanga kama anakagua nyanya. "Kesho njoo mbele."

Akapeleka chai. Dereva mmoja wa lori akasema, "Dada, sukari yako ya uchoyo hii," akimtazama usoni, moja kwa moja, bila kuhamisha macho. Somoe akacheka.

Hakuna kilichopasuka.

10.

"Dua zangu hizo," alisema Bi Esha, begi bado begani. "Nililia kwa ajili ya kaka yangu, nikalia na kwa ajili yako." Kesho yake akarudi kiwandani. Jioni akapiga mkeka. "Njoo, mama, tuupake usije ukarudi nyuma."

Kesho yake: hakuna kitu.

Kesho kutwa:

Kuwasha.

Na mkono wa Mama Chiku, bila neno, ukionyesha vyombo.

11.

Alidhani ni kopo. Kopo linalokwenda kiwandani, linalochovywa mikono ya kazi. Akakuna nazi zake, akapika mafuta yake, akayatia kwenye chupa safi, akaifunga, akaificha chini ya kitanda. Jioni akaitoa mkekani.

"Umekuwa tajiri wa nazi siku hizi," alisema Bi Esha akacheka, akaifungua chupa, akamiminia kiganjani.

Somoe aliomba liwe kopo. Aliomba kwa Mungu, kwa jina, kama mtu anavyoomba mvua: liwe kopo, liwe kopo tu.

Halikuwa kopo.

12.

Bi Esha alisahau chakula chake nyumbani. Somoe akampelekea kiwandani, akasimama mlangoni, mtandio umefunika mpaka chini ya macho.

Meza ndefu. Wanawake wengi. Ganda, gonga, punje. Ganda, gonga, punje. Jasho linawatiririka, na kila linapofika machoni wanainua bega. Wote. Bega la huyu, bega la yule, kama kuku wanaojisafisha.

"Shoga, nikune pua, nakufa," alisema mmoja.

"Kwa mikono hii? Unataka nikuharibu sura, mumeo anidai?"

Meza nzima ikacheka. Bi Esha naye akacheka, akapangusa jicho kwa bega.

Kwa bega.

Nyumbani pia. Mkekani pia. Hata kwenye picha ya harusi ya binamu, bega limeinuka shavuni, kabla hajanyooka. Miaka yote hiyo mama yake hajawahi kujigusa uso kwa mikono ile. Anaugusa uso mmoja tu.

Somoe aliweka chakula chini. Tangazo la kiwanda limebandikwa ukutani, akalisoma taratibu, neno kwa neno, kama alivyofundishwa kabla ya kuacha shule. Kujigusa. Limeandikwa kujigusa. Halisemi chochote kuhusu uso wa mtu mwingine.

13.

Minada inaanza Jumatatu.

Bi Esha amenawa. Ameketi. Amepiga mkeka.

"Njoo, mama."

Somoe amesimama mlangoni.

"Leo nitajipaka mwenyewe."

"Kwa nini?"

Njia nzima alikuwa ameyapanga maneno. Yalikuwa mazuri. Hayakuwa na lawama hata moja.

"Mama, ni mi..."

Bi Esha aliitazama mikono yake. Kiganja kimoja tayari kina mafuta.

"Unaionea kinyaa."

"Siyo hivyo."

"Nimeiosha."

"Najua, mama."

"Kwa majivu. Mara mbili. Leo nimesugua na jiwe."

"Najua."

Somoe anakijua kinyaa. Anajua kinavyosogeza sahani, kinavyogeuza macho, kinavyokumbuka kwamba kimebeba kitu. Hakuwahi kudhani kwamba kinaweza kutoka kwake, mlangoni, kwa sauti yake mwenyewe, hata kikiwa siyo chenyewe.

Bi Esha alipangusa uso kwa bega. Safari hii halikuwa jasho.

Mafuta yameanza kupita katikati ya vidole, yanadondoka mkekani. Mkono haujashushwa.

Somoe akaingia. Akaketi. Karibu, lakini siyo karibu sana: mahali ambapo mkono ukinyooshwa unafika, na usiponyooshwa, bado wamekaa mkeka mmoja.