Vitufe Thelathini na Viwili

Karani wa masijala ya hospitali alirudi nyumbani Ijumaa jioni akiwa amekumbatia kompyuta ndogo. Aliiweka juu ya meza ya kukatia nguo, kati ya mkasi na chaki. Mumewe, fundi cherehani, alisimamisha mashine. Alikuwa ameishi na mkewe miaka kumi na tisa, na aliijua namna hiyo ya kuweka kitu mezani: polepole mno, kama anayelaza mgonjwa.

"Kuna nini, mheshimiwa?"

Karani alimweleza kwa utaratibu, kwa kuwa alikuwa mtu wa utaratibu. Kwa miaka sita, tangu alipopoteza uwezo wa kuona, alifanya kazi kwa masikio. Kompyuta ilimsomea kila neno lililokuwa kwenye skrini kwa sauti ya kiume iliyopita katika kifaa cha sikioni, tena kwa kasi ambayo mtu mwingine angesikia mvua tu juu ya bati. Fundi aliiita sauti hiyo mume mwenza, na alipenda kuuliza jioni mwenzake alishindaje. Mfumo wa zamani ulikuwa wa maneno matupu, bila urembo, na karani aliutumia kwa haraka kuliko wenye macho. Wiki hii hospitali ilileta mfumo mpya, wa picha. Mahali palipokuwa na neno "Tafuta" sasa palikuwa na kijipicha, na aliyekichora hakukumbuka kukipa jina. Kwa hiyo mume mwenza alipofika hapo alisema tu, "Kitufe." Akisogea mbele, "Kitufe." Akisogea tena, "Kitufe." Vilikuwa thelathini na viwili.

Jumatatu saa tatu asubuhi mkuu wa masijala angekaa kando yake na kumtazama akiandikisha wagonjwa kumi. Mkuu huyo aliitwa Mama Mihuri, kwa sababu hakuna karatasi iliyowahi kutoka mikononi mwake bila kugongwa muhuri. Karani akiweza, angebaki. Asipoweza, angehamishiwa chumba cha simu. Mama Mihuri hakulisema kwa ubaya. Alisema hata kwamba chumba cha simu kina kiti kizuri.

"Sitaki kiti kizuri," alisema karani. "Nataka mafaili yangu."

Fundi hakuhitaji kufafanuliwa. Wagonjwa waliopoteza kadi walipelekwa kwenye meza ya mkewe. Walitaja jina na mtaa, naye aliwatajia mwaka waliolazwa na wodi. Kumwondoa pale kulikuwa sawa na kumwondoa yeye fundi kwenye cherehani na kumpa kazi ya kuhesabu vifungo.

Mtaalamu wa kompyuta wa hospitali alikuwa amefanya alichoweza. Aliwaandikia waliotengeneza mfumo, wakamjibu kwamba suala hilo lingeshughulikiwa baada ya miezi minne. Ndipo akampa karani kompyuta hiyo, yenye nakala ya mazoezi na wagonjwa wa kubuni, akamkumbusha jambo moja. Programu inayomsomea skrini inamruhusu mwenyewe kukipa jina kitufe kilicho bubu. Unabonyeza funguo mbili za kibodi kwa pamoja, kisanduku kinafunguka, unaandika jina, na tangu hapo sauti inalitaja. Ila alihitajika mtu wa kumwambia kilichomo kwenye picha.

"Macho ninayo," alisema fundi. "Mawili, na miwani."

Jumamosi baada ya chakula cha mchana karani alimfundisha zile funguo mbili, akaacha sauti itoke kwa spika, akaipunguza kasi hadi mwendo wa mtu mzima anayepanda ngazi. Kisha akatoka uani kuanua nguo. Fundi alifanya kazi kwa vidole viwili, ulimi nje kidogo, kama anapopitisha uzi kwenye tundu la sindano. Baada ya saa nzima alimwita mkewe aje asikie. Karani aliingia na rundo la nguo mikononi, akaketi, akaanza kuzipanga huku mume mwenza akisoma.

"Cha bluu, kona ya juu. Kingine cha bluu, lakini si kile. Kama kikombe kilichopinduliwa. Kijani, kizuri sana. Kama shangazi yako akivaa kofia."

Karani alicheka mpaka akaziacha nguo. Alitaka kukisikia tena kile cha shangazi, akasomewa mara ya pili. Kisha kicheko kikaisha, na fundi akaona mikono ya mkewe imetulia mapajani.

"Fundi," alisema taratibu, "mimi na bluu tulishaachana. Nikibonyeza kile cha shangazi, mgonjwa anapata nini?"

Fundi alivua miwani, akaifuta, akairudisha. Saa nzima alikuwa amemchorea mkewe picha, naye alikuwa mtu wa mwisho duniani wa kuhitaji picha. Alisema angeanza upya, lakini hakujua aanzie wapi. Yeye alijua vijipicha vinafananaje. Hakujua kazi ya masijala hata kidogo.

Karani aliokota sketi kwenye rundo, akapitisha kidole kwenye pindo, akaiweka juu ya blauzi iliyokuwa tayari kwenye kiti. Alimwekea mumewe pindo hilo mkononi. Pale ndani palikuwa na vifundo viwili vidogo vya uzi, na kwenye pindo la blauzi pia viwili. Fundi alivishona mwenyewe miaka sita iliyopita, mwezi ule wa kwanza wa giza, kwenye kila nguo ya kabati.

"Hapa uliniandikia rangi?" aliuliza karani.

"Hapana. Niliandika ipi inavaliwa na ipi."

"Ulikuwa na akili siku hizo."

Fundi alivuta kiti cha pili. Tangu hapo walikwenda pamoja, kitufe kimoja baada ya kingine. Yeye alibonyeza na kueleza kilichofunguka: orodha ya majina, ukurasa mtupu wenye visanduku saba, kalenda. Karani alisikiliza, akasema kazi yake katika masijala, na fundi akaandika kazi hiyo, si sura. Kikombe kilichopinduliwa kilikuwa "Peleka wodini." Shangazi aligeuka kuwa "Ruhusu aende nyumbani," na karani akasema ndiyo ilivyokuwa hata maishani, shangazi akifika, kila mtu anataka ruhusa aende kwake. Walimaliza thelathini na kimoja kabla ya jua kuzama. Kimoja cha mwisho fundi aliomba akiandike peke yake, kwa kuwa alishajua kazi yake.

Jumapili karani alifanya mazoezi kwa kifaa cha sikioni, na fundi alikata suti karibu naye. Aliona tena kile alichokigundua jana yake wakijaribu vitufe: mkewe alipoandikisha mgonjwa alizuia pumzi tangu mwanzo hadi mwisho. Alipofika kwenye kile kitufe cha mwisho, cha kuhifadhi, alitabasamu, akaanza mgonjwa mwingine.

Jumatatu saa tatu, kompyuta ile ndogo ikiwa imeunganishwa na mfumo wenyewe, Mama Mihuri aliketi kando ya meza na daftari lake. Alitaka jambo moja tu: sauti itoke kwa spika, ili asikie anachosikia karani. Karani alisita kidogo, kisha akachomoa kifaa cha sikioni na kupunguza kasi. Makarani wengine wawili, wa dirishani na wa mlangoni, waliacha kuandika.

Mgonjwa wa kwanza alikwenda vizuri. Andikisha mgonjwa mpya. Tafuta faili. Peleka wodini. Karani alifika kwenye kitufe cha kuhifadhi, na mume mwenza akasema kwa sauti yake tulivu, mbele ya ofisi nzima, "Bonyeza hapa, mke wangu, kisha pumua."

Karani wa dirishani alilaza paji la uso juu ya meza. Mama Mihuri aliandika kitu kwenye daftari, akasema waendelee. Sentensi hiyo ilisikika mara sita.

Mgonjwa wa saba alikuwa na jina, mwaka wa kuzaliwa na mtaa sawa na mtu mwingine aliyekuwa tayari kwenye mfumo. Kikafunguka kisanduku ambacho hakikuonekana kwenye nakala ya mazoezi. "Kitufe," ilisema sauti. "Kitufe."

Karani alielewa mara moja. Kimoja kingeunganisha mafaili ya watu wawili yawe moja. Kingine kingeyaacha mbalimbali. Angeweza kubahatisha, na huenda angepatia. Kwa miaka sita hakuwahi kuomba macho ya mtu yeyote kwenye meza hiyo, na siku ya kuanza kuomba haikupaswa kuwa leo. Aliondoa mikono kwenye kibodi.

"Nina vitufe viwili visivyo na jina," alisema. "Kimoja kinaweza kumpa mtu dawa za mwenzake. Sibonyezi nisichokijua. Naomba unisomee, Mama."

Mama Mihuri alivaa miwani. Aliona duara mbili zilizogusana. Pembeni yake aliona duara mbili nyingine zenye kistari katikati. Aliinama zaidi. Akamuuliza karani wa dirishani, akajibiwa kwamba cha kutenganisha ni cha kushoto. Karani wa mlangoni alisema hapana, ni cha kulia.

"Mimi hubonyeza cha kushoto," alisema Mama Mihuri, na sauti yake ilikuwa imeshuka.

Mtaalamu wa kompyuta aliitwa. Cha kushoto ndicho kilichounganisha. Tangu Jumatano, mfumo ulipoanza, watu kumi na wanne walikuwa wamegeuzwa saba, na mfumo haukujua nani ni nani. Aliyejua alikuwa mmoja. Walimsomea kila faili, naye akawatenga: huyu ni wa upasuaji wa tumbo, yule alijifungua mapacha mwaka wa mafuriko, huyu hajawahi kulazwa kabisa. Walimaliza saa saba. Wagonjwa watatu waliobaki katika mtihani hakuna aliyewakumbuka.

Mtaalamu alikiri kwamba ndani ya mfumo kulikuwa na ukurasa wa kuandika majina ya vitufe, ili kila mtu ayaone akisogeza mshale juu ya picha. Ulikuwa mtupu. Alimwomba karani majina yake, akaongeza yale mawili mapya, akanakili yote kwa haraka kama yalivyokuwa.

Jumanne asubuhi kila aliyehifadhi mgonjwa, hata daktari mkuu, aliambiwa abonyeze, mke wangu, kisha apumue. Saa nne Mama Mihuri aliwaita karani na mtaalamu. Alisema hii ni ofisi. Alisema "mke wangu" iondolewe kwenye mfumo kabla ya chakula cha mchana.

"Na hilo la kupumua?" aliuliza mtaalamu.

Mama Mihuri aligonga muhuri kwenye karatasi iliyokuwa mbele yake.

"Liache."

Jioni fundi alisikiliza habari hizo sindano ikiwa mdomoni. Aliitoa, akauliza kama na kwenye kompyuta ya mkewe sentensi yake ilikuwa imekatwa.

"Yangu haimo kwenye mfumo," alisema karani. "Yangu anayo mume mwenza, na nimemwambia asiiguse."