Mama Msafi

"Shikamoo, mama msafi," alisema Wim, akainama mpaka kofia ikadondoka.

Genoveva akaitikia shingo upande. Msafi! Kijana wa Kiholanzi, fundi wa winchi kule bandarini, anakuja Temeke kumposa Demetria halafu anamkejeli mama mtu uani kwake! Juzi tu Mzee Kondo, balozi wa nyumba kumi, alipita na ukaguzi wa usafi, akasimama kwenye tope la bombani na kumsema mbele ya majirani. Au mzungu kashapata umbea?

Na jina lenyewe Wim. Mtaani walimwita Vimu, kama ile dawa ya kusugulia masufuria. Genoveva hakujua acheke au anune. Akanuna.

Jumapili iliyofuata alifagia uwanja, akamwaga mchanga penye tope, akajifunga khanga mpya. Vimu akaja. "Shikamoo, mama msafi." Safari hii neno likamwingia vizuri, na hapo ndipo alipozidi kuchanganyikiwa. Tangu afiwe na mumewe hakuna aliyemsifia kitu. Lakini mkwe amsifie mkwewe hivyo? Aibu gani hii!

Mgeni alipoondoka tu, akamgeukia binti yake.

"Huyo bwana wako ana wazimu au ana dharau? Mie posa yake naikataa."

Demetria akashika kichwa. "Mama, kwao ndivyo wanavyosema mama mkwe! Schoonmoeder. Wameunga maneno mawili: schoon, safi, moeder, mama. Yeye anatafsiri moja moja."

"Hata mama mkwe akiwa mchafu?"

"Hata akinuka. Zamani hilo schoon lilikuwa 'mzuri', la heshima tu. Baadaye likahamia kwenye usafi."

"Kwa hiyo si mie?"

"Ni mama wakwe wote."

Ilimuuma. Kisifa chenyewe kimoja, kumbe cha kugawana na Uholanzi nzima! Kisha akashtuka. "Ebo! Kaniita mkwe na posa sijaijibu?"

Demetria akainama. "Kajisahau."

"Na mkwe wa kiume wanamwitaje?"

"Schoonzoon. Mwana msafi."

Jumapili ya tatu Vimu alisimama mlangoni, viatu vimejaa tope la njiani. Demetria alikwisha kumwonya, basi alifungua mdomo akaufunga, hajui hata amwiteje mwenye nyumba.

Genoveva akamtazama mpaka uso ukamwiva.

"Vua viatu, mwanangu msafi," akasema. "Ingia ndani."